Mtumwa na Mtume: Habari za Kanisa la Masasi

Mgeni akifika Mtwara, akakaa Rahaleo au Majengo, kisha akauliza kanisa la kale la pande hizi liko wapi, ataonyeshwa kwanza Kanisa la Mtakatifu Paulo huko Majengo. Kuta zake zimejaa picha za habari za Biblia, alizozichora Padre Polycarp Uehlein wa Shirika la Wabenediktini katika miaka ya 1970. Picha zile zastahili kutazamwa kwa utulivu, bali kanisa lenyewe si la kale. Wala Mtwara si mji wa kale. Mji huu ulipimwa na kujengwa kwa sababu ya mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza 1947 ukavunjika 1951. Na bandari yake ya kina kirefu ilifunguliwa 1954, wakati karanga zenyewe zimekwisha kuwa hadithi. Hata jina la Rahaleo lashuhudia upya huo. Miji ya kale ya pwani mara nyingi ina majina yaliyofichika maana, ambayo wazee hubishana juu ya asili yake. Bali Rahaleo ni maneno mawili yaliyo wazi, raha na leo, na hata Unguja uko mtaa wenye jina lilo hilo.

Mgeni akitoka hapo akaenda Mikindani, mwendo wa kilomita 10 hivi, ndipo aonapo mji wa kale: ghuba iliyokumbatiwa na nchi kavu, misikiti, magofu ya nyumba za mawe, milango ya nakshi, na boma walilolijenga Wadachi 1895. Hapo ndipo Dkt. David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara, mwaka 1866. Lakini misheni ya kwanza ya nchi hii ya kusini haikuwekwa Mikindani, wala haikuwekwa Lindi. Iliwekwa Masasi, kilomita 200 hivi kutoka Mtwara, penye milima ya mawe makubwa isimamayo peke yake katika nchi tambarare. Nayo iliwekwa mwaka 1876, yaani miaka 9 kabla Wadachi hawajapata hati ya kuitawala nchi.

Jambo hili lataka kufikiriwa. Dini hii ilikuja kwa njia ya bahari. Ilikuwaje basi ikawapita watu wa bahari, ikaenda kuanza bara? Na tena, watu wengi waonapo kanisa la mawe lenye umri mkubwa husema, "Hili ni jengo la ukoloni," kana kwamba neno hilo limekwisha kueleza habari yake yote. Kwa makanisa mengine huenda likatosha. Kwa Masasi halitoshi. Kanisa hilo lilifika kwa miguu ya watu waliokuwa wametekwa, wakauzwa, wakafunguliwa, kisha wakairudia njia ile ile waliyopelekwa nayo wamefungwa. Asiyelijua jambo hilo huliona jengo, asiwaone waliolijenga.

Na tuanze na njia yenyewe. Katika karne ya 19 misafara ilishuka kutoka pande za Ziwa Nyasa, ikapita nchi ya Wayao, ikauvuka mto Ruvuma au ikaufuata, hata ikafika Kilwa, Lindi na Mikindani. Ilichukua pembe za ndovu, na pamoja na pembe ilichukua watu. Wakuu wa Kiyao, kama Mataka wa Mwembe, walipokea nguo, bunduki na baruti kutoka pwani, nao wakatoa watu waliotekwa vitani au waliouzwa na jamaa zao wakati wa njaa na deni. Livingstone alipoufuata Ruvuma 1866 aliwakuta njiani watu waliokufa hali wamefungwa kwenye miti, kwa kuwa walishindwa kwenda na misafara. Kutoka pwani waliobaki hai walipakiwa katika majahazi, wakapelekwa Unguja, wakasimamishwa sokoni Mkunazini.

Soko hilo lilifungwa Juni 1873, Seyyid Barghash alipotia sahihi mapatano na Waingereza ya kukomesha biashara ya watumwa kwa bahari. Wafanyi biashara wakageuka, wakawapitisha watu kwa nchi kavu. Na Aprili 1876 Sultani akatangaza kwamba hiyo nayo imekatazwa. Utumwa wenyewe haukuisha kwa siku hizo: Unguja ulifutwa kwa sheria 1897, na Tanganyika 1922. Lakini tangu zamani manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi na kuwashusha watu waliomo, na tangu 1864 wengine wao walipewa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyokuwa imehamia Unguja mwaka huo chini ya Askofu Tozer. Wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa na Seyyid Majid. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879.

Hapa yafaa tusimame kidogo katika jambo la lugha, maana lugha mara nyingi hutunza habari ambayo watu wameisahau. Neno mtumwa latoka katika kitenzi kutuma, kwa kauli ya kutendwa: ni mtu atumwaye, asiyekwenda kwa shauri lake. Na neno mtume latoka katika kitenzi kile kile. Umbo lake ni la kale kidogo: Kiswahili kina majina yenye mwisho wa -e ambayo maana yake ni ya kutendwa. Kiumbe ni kilichoumbwa; mteule ni aliyeteuliwa; vivyo hivyo mtume ni aliyetumwa. Basi kwa asili maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, na maana yake yakaribia kuwa moja. Biashara ililishika moja ikalishusha mpaka sokoni. Dini ililishika jingine ikalipandisha mpaka juu kabisa. Tofauti haimo katika kutumwa. Tofauti ni nani aliyekutuma, na kwa kazi gani, na kama wewe mwenyewe umeikubali. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa kuwa habari ya Masasi yote ni habari ya watu waliotoka neno la kwanza wakaingia la pili.

Aliyeipanga safari ya Masasi alikuwa Askofu Edward Steere. Huyu ndiye aliyekitungia Kiswahili cha Unguja kitabu cha sarufi kilichotoka 1870, pamoja na mkusanyo wa hadithi za Waswahili mwaka uo huo. Lakini kazi yake haikuishia katika Kiswahili. Mwaka 1871 alitoa kitabu kidogo cha Kiyao, na 1876 kitabu kidogo cha Kimakonde, kilichopigwa chapa Unguja. Vitabu hivyo vilikusanywa kwa midomo ya watu waliokuwa wamefika Unguja kutoka bara, wengi wao wakiwa wameletwa kwa jeuri. Hapa pana jambo la ajabu na la huzuni pamoja: wenye kuchukua watu bara walichukua na lugha zao bila kukusudia, na mwanachuoni aliyekaa Unguja aliweza kuandika Kiyao na Kimakonde kwa sababu wenyewe walikuwa wamepelekwa mlangoni pake. Basi Steere alipoelekeza uso wake kusini, njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa kwa maneno kabla haijafunguliwa kwa miguu.

Mwaka 1875 alikwenda yeye mwenyewe kutoka Lindi mpaka Mwembe kwa Mataka, kutazama kama yamkini kuweka misheni huko. Oktoba 1876 alitoka tena Unguja, safari hii pamoja na Padre William Percival Johnson na wengine, na watu wapatao 55 waliofunguliwa utumwani, wanaume kwa wanawake. Watu hawa walikuwa wamekaa Mbweni, shamba la Misheni huko Unguja. Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa, nao walitaka kurudi kwao. Katika miaka hiyo mkuu wa misafara ya Misheni alikuwa James Chuma, Myao, aliyefunguliwa kutoka mikononi mwa wafanyi biashara mwaka 1861 alipokuwa mtoto, akakaa na wamisheni wa kwanza katika nchi ya Shire, akafuatana na Livingstone tangu 1866 hata kufa kwake 1873, kisha yeye na Abdullah Susi na wenzao wakauchukua mwili wa bwana wao mpaka Bagamoyo. Hivyo aliyewatangulia njiani hakuwa mgeni. Alikuwa mtu wa nchi, aliyeijua njia ya watumwa kwa kuwa naye alikuwa amefungwa kamba.

Shauri la kwanza lilikuwa kwenda mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi wale watu waliipenda nchi: maji yalikuwako, udongo ulifaa, milima ilikuwa kimbilio, na wengine waliona kwamba wamekwisha kufika karibu na kwao. Wakaomba wakae. Steere akakubali. Neno hili ni dogo katika vitabu vya historia, ila ni kubwa kwa maana yake: mahali pa misheni ya kwanza ya kusini palichaguliwa na watu waliokuwa watumwa. Kwa mara ya kwanza tangu kutekwa kwao waliulizwa wapi wanataka kukaa, nao wakajibu. Na hilo ndilo jibu la swali letu la kwanza. Misheni iliipita pwani kwa sababu watu wake kwao kulikuwa bara. Na pwani ilikuwa na dini yake ya tangu kale, na misikiti yake, na walimu wake.

Askofu alirudi Unguja baada ya kuwaweka. Mwaka uliofuata alifika Padre Chauncy Maples, mtu aliyependa lugha, ambaye mwaka 1879 alitoa kitabu kidogo cha Kimakua. Vijumba vilijengwa kwa safu, mashamba yakalimwa, kanisa likasimama, kengele ikapigwa asubuhi na jioni. Si haki kusema kwamba mambo yote yalikuwa mema. Mapadre walijikuta wanafanya kazi ya mahakimu, wakiamua magomvi ya ndoa na ya mali, na kutoa adhabu. Na mtu aliyekuwa amefunguliwa kutoka kwa bwana mmoja aliweza kuuliza kama hajapata bwana mwingine. Uhuru wa mji ule ulikuwa na kengele yake na amri zake. Lakini mlango ulikuwa wazi, na tofauti hiyo haikuwa ndogo kwa mtu aliyewahi kufungwa.

Ili kuelewa kanisa lilikuwa nini kwa watu hawa, yatupasa kukumbuka desturi ya nchi. Wayao, Wamakua na Wamakonde, wote watatu, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Katika mila zao mjomba ndiye mwenye neno: yeye husimama mpwawe aozwapo, yeye hujibu deni lake, yeye humtetea baraza linapokaa. Mtu asiye na mjomba hana wa kusema kwa ajili yake, na katika nchi hiyo kukosa ukoo na kuwa mtumwa yalikuwa mambo yaliyokaribiana sana. Sasa watu wa Masasi, ijapokuwa walikuwa wamefika karibu na kwao, wengi hawakuweza kuzipata nasaba zao. Walikuwa wametekwa utotoni. Vijiji vyao vilikuwa vimechomwa. Jina la mjomba lilikuwa limepotea. Walichokuwa nacho ni jina la ubatizo, na baba na mama wa ubatizo waliosimama pamoja nao, na wenzi wa safari moja. Kwa hiyo kanisa, zaidi ya kuwa nyumba ya sala, lilikuwa mahali pa kuhesabiwa. Aliyeandikwa katika daftari la ubatizo aliweza tena kusema, "Mimi ni wa fulani."

Na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Myao, Mmakua na Mnyasa walikuwa wamejifunza kusemezana Unguja kwa lugha ya mji uliowauza, na lugha hiyo waliichukua bara wakaifanya ya sala, ya shule na ya nyumbani. Tukizisikia leo sala za Kiswahili katika nchi ya Wamakua na Wayao, tusidhani kwamba zililetwa na serikali wala na wafanyi biashara peke yao. Sehemu yake ililetwa na watu ambao lugha hii ilikuwa alama ya msiba wao, nao wakaigeuza kuwa mali yao.

Mwaka 1882 ulikuwa mwaka wa mauti. James Chuma alifariki Unguja. Tarehe 27 Agosti Askofu Steere naye akafariki Unguja, akazikwa katika kanisa alilolijenga Mkunazini mahali pa soko la watumwa, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Noeli 1873. Makanisa haya mawili, la Mkunazini na la Masasi, yafaa kuhesabiwa kuwa dada: moja lilijengwa mahali watu walipouzwa, na la pili mahali waliporudi. Majuma machache baada ya kifo chake, Septemba 1882, Wangoni waitwao Magwangwara waliingia Masasi kwa vita. Mji uliharibiwa. Mapadre walitoa nguo na mali ya Misheni kuwa fidia, lakini watu kadhaa waliuawa na wengine walichukuliwa mateka. Padre W. C. Porter baadaye alisafiri mpaka nchi ya Magwangwara kwa ajili ya hao waliochukuliwa. Fikiri, ewe msomaji, habari ya mtu aliyetekwa mara ya kwanza akiwa mtoto, akafunguliwa baharini, akarudi nchi yake miguu mitupu, akajenga nyumba, kisha akatekwa mara ya pili mbele ya nyumba ile ile.

Baada ya hayo Maples alihamisha kitovu cha kazi mpaka Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kwa Matola, mkuu wa Kiyao aliyekuwa rafiki wa Misheni. Na hapo habari yageuka. Tangu Masasi ya kwanza hata 1882, misheni ilikuwa mji wa watu waliofunguliwa, uliojitenga na majirani wake. Baada ya kuvunjwa, ililazimika kukaa katika miji ya wakuu wa nchi na kuwategemea. Kilichoonekana kuwa msiba kiliifanya kazi iingie kati ya wenyeji.

Mfano ulio bora ni Cecil Majaliwa. Alizaliwa Myao, akauzwa Unguja akiwa mtoto, akafunguliwa, akalelewa na kusomeshwa Kiungani, kisha akasoma Canterbury katika Uingereza. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akatumwa Chitangali katika mji wa Nakaam, mkuu wa Kiyao. Mwaka 1890 alipewa upadre na Askofu Smythies, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Misheni hiyo. Alikaa Chitangali hata 1897, akifundisha kwa Kiyao, lugha ya mama yake, akisafiri na kujenga, mara nyingi pasipo Mzungu karibu naye. Hapa maneno yetu mawili yakutana katika mtu mmoja. Aliyepelekwa pwani kuwa mtumwa alirudishwa bara kuwa mtume. Na kwa kuwa alitumwa na kukubali, watu wa Nakaam hawakumwona mgeni, bali mtoto wa nchi aliyepotea akaonekana.

Hakuwa peke yake. Yohana Abdallah, Myao naye, aliyesoma Kiungani na kupata upadre 1898, alifanya kazi Unangu, ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi iliyo Msumbiji leo. Huyu aliandika kwa Kiyao habari za asili na mambo ya Wayao, na kitabu chake kikapigwa chapa 1919. Wapenzi wa lugha na mila hawana budi kukumbuka kwamba katika vitabu vya kwanza vya historia ya kabila la pande hizi, kimoja kiliandikwa na mwenyeji kwa lugha yake, wala hakikungoja mgeni.

Masasi ilikaliwa tena na kanisa likajengwa. Lakini moto wa pili ulikuwa ungali mbele. Katika Julai 1905 Vita vya Maji Maji vilianza katika nchi ya Wamatumbi, kwa sababu ya kazi ya shuruti katika mashamba ya pamba, kodi, na jeuri ya maakida na maaskari wa Wadachi. Vikaenea upesi kusini. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na wenziwe njiani kuelekea Liwale; kabla mwezi haujaisha, misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao zilichomwa; na ya Masasi nayo ikachomwa. Wabenediktini walianza upya Ndanda mwaka uliofuata, na watu wa Masasi wakaanza upya Masasi.

Moto huu haukuwa kama ule wa 1882, nasi tusiuchanganye. Magwangwara walikuja kutafuta nyara, na mji wenye nguo na watu uliwafaa. Watu wa Maji Maji walikuwa na shtaka. Kwao msalaba na bendera vilikuwa vimefika kwa wakati mmoja, na Mzungu wa kanisani hakutengana vya kutosha na Mzungu wa bomani, ijapokuwa wa Masasi alikuwa Mwingereza na wa boma Mdachi. Ni kweli kwamba misheni hii iliitangulia serikali. Lakini tangu serikali ilipokuja, ilikaa chini ya kivuli chake, nacho kivuli kile kilikuwa kizito juu ya wakulima. Basi asemaye kwamba kanisa la Masasi halihusiani na ukoloni hasemi kweli yote. Na asemaye kwamba ni la ukoloni tu, naye husahau watu 55 wa mwaka 1876. Majivu ya 1905 yana shahidi wa kwanza. Misingi iliyo chini ya majivu ina shahidi wa pili.

Tena, neno "la wageni" lilipimwa wakati wa vita vikuu vya 1914 hata 1918. Wadachi waliwafunga wamisheni Waingereza, na makanisa ya kusini yakabaki mikononi mwa mapadre na walimu Waafrika. Nchi ilikanyagwa na majeshi mawili; mapigano makali yalikuwa Mahiwa Oktoba 1917, na mwezi wa Novemba Jenerali Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Njaa na maradhi yakafuata. Katika miaka hiyo kengele za makanisa yasiyo na Mzungu zilipigwa na wana wa watu waliofunguliwa, na wana wa wakuu wa Kiyao, na Wamakua na Wamakonde waliobatizwa nao. Jengo la wageni likiachwa na wageni huporomoka. Haya hayakuporomoka.

Mwaka 1926 Masasi ilitengwa na Unguja ikawa dayosisi, na William Vincent Lucas akawa askofu wake wa kwanza hata 1944. Jina la Lucas lajulikana zaidi kwa jambo la jando. Mababa wa kwanza wa Misheni walikuwa na shaka kubwa juu ya jando na unyago, na wavulana wengi Wakristo walikuwa wakivutwa pande mbili: asiyeingia kumbini alidharauliwa na rika lake, hata akahesabiwa mtoto ijapokuwa ana ndevu. Lucas aliona kwamba mafunzo ya kumbini yana thamani: heshima kwa wazee, uvumilivu, siri, wajibu wa mume na wa mjomba. Badala ya kuyakataza, aliruhusu jando la Kikristo, ambamo wazee Wakristo walisimamia na padre akashiriki, ngariba akafanya kazi yake, na yaliyohesabiwa kuwa kinyume cha imani yakaachwa. Mwaka 1927 aliandika juu ya faida za mafunzo hayo kwa wasomaji wa Ulaya. Kwa wasichana jambo lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa mafunzo yao yalikuwa mikononi mwa makungwi, na mwanamume mgeni hakuwa na mlango wa kuingilia.

Wengine wamemsifu Lucas kana kwamba alilitunga jambo hili peke yake. Lakini fikra yetu ni kwamba lisingaliwezekana pasipo wale waliotangulia. Kanisa ambalo mapadre wake walikuwa Wayao tangu siku za Majaliwa, na wazee wake walikuwa wameingia kumbini, lilikuwa na watu wawezao kupambanua lipi ni la kushika na lipi ni la kuacha. Askofu alitoa ruhusa. Elimu ilikuwa ya wazee.

Leo Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria na Mtakatifu Bartolomayo liko Mtandi, Masasi, chini ya mlima wa mawe. Mgeni akitoka Mtwara kwa gari asubuhi aweza kufika kabla ya adhuhuri. Aitazame milima kwanza, maana hiyo ndiyo waliyoiona watu wa 1876 walipoomba kukaa. Kisha aingie, anyamaze kidogo, naye akumbuke ya kuwa mahali hapa pamechomwa mara mbili pakajengwa tena, na kwamba sala anazozisikia kwa Kiswahili zilitoka Unguja vinywani mwa watu waliokuwa wameuzwa huko.

Akitoka nje, asiharakishe kurudi barabarani. Aulize kwa adabu wazee wa mahali habari za koo zao: nani alitoka Mbweni, nani alitoka kwa Nakaam, nani bibi yake alitekwa na Magwangwara. Jengo la mawe litangoja; wazee hawangoji. Kila mmoja wao afapo na habari yake haijaandikwa, jambo ambalo soko la Mkunazini lilianza kulifanya hutimizwa, nalo ni kuyafuta majina. Dawa yake ni kalamu na daftari, na kijana wa Masasi au wa Newala, au wa Rahaleo, atakayeketi mbele ya bibi yake na kuandika.